Zamu Mbili kwa Somo Moja

Jumatatu, 25 Agosti

Kikao cha walimu baada ya masomo. Balaa!

Bu Ratih, aliyekuwa akifundisha Kiindonesia shule nzima, amemfuata mumewe pwani. Tangazo la nafasi yake limetoka mara tatu. Hakuna aliyetaka kuja kuishi Warrabine, ngano mbele, ngano nyuma, saa nne kwa gari kutoka Melbourne. Kwa hiyo mwalimu mkuu wetu, Philippa, ameamua kwamba kuanzia wiki hii kila mwalimu atalifundisha Kiindonesia darasa lake mwenyewe. Saa moja kila wiki. Hata mimi!

Nilimkumbusha kwamba sijui neno hata moja. Akasema ndio uzuri wake, mwalimu atajifunza pamoja na watoto, na mtoto akimfundisha mwalimu ndipo anaelewa. Nikamuuliza kama kuogelea nako tutafundisha hivyo, sote tuzame pamoja. Akasema chai iko tayari.

Mimi si mtu wa kulalamika. Ila iandikwe mahali: Clive Trembath hakubebwa na mtu. Nimeuza vipuri vya matrekta miaka kumi na moja. Ualimu nimeusoma kwa posta, vitabu vikiwa chini ya kaunta kati ya fanibelti na plagi. Kilichonitoa pale ni hesabu. Si nyimbo, si vikaragosi vya ngozi kama vya Bu Ratih. Hesabu!

Na saa waliyoichukua ni ipi? Alhamisi baada ya chai ya saa tano. Saa ya timu yangu ya hesabu! Watoto wanne, wateule wa darasa la nne. Mashindano na shule ya Kurnbrook ni tarehe 19 mwezi ujao. Kurnbrook wametufunga miaka minne mfululizo. Kombe letu (nasema letu kwa makusudi) liko kwao, kwenye kabati la kioo mkabala na vyoo. Nimeliona kwa macho yangu. Halijafutwa vumbi.

Nikaomba saa nyingine. Philippa akasema ratiba imejaa pomoni. Darasa langu likionyesha maendeleo ya Kiindonesia, timu itabaki kwangu na saa itatafutwa. Lisipoonyesha, timu itachukuliwa na Glenys Pascoe wa darasa la tatu, ambaye amejitolea.

Glenys! Siku ya kuzaliwa ya Philippa alikata keki vipande vinane, na sisi tulikuwa tisa. Wa tisa nilikuwa mimi.

Eti kwa kuwa amekwenda Bali mara mbili, Kiindonesia kwake si taabu. Ukimpa chumvi anakushukuru kwa Kiindonesia. Watu wanacheka. Mimi sicheki.


Alhamisi, 28 Agosti

Mpango wa kwanza. Rahisi, safi, hauna gharama. Nilifungulia nyimbo za Kiindonesia kwenye kompyuta, sauti ya chini, darasa zima likafanya sehemu na asilimia. Lugha iingie yenyewe, kama baridi inavyoingia chini ya mlango.

Ilikwenda vizuri kwa dakika ishirini. Kisha Philippa akaingia.

Akawauliza watoto wimbo unasema nini. Wakasema huo ni wa kuwasaidia kutulia. Akaniuliza mimi. Nikasema unahusu mvua, mvua na mashamba ya mpunga, jambo la huzuni kidogo. Philippa akasogea kwenye kompyuta akatazama. Nyimbo zilikuwa zimekwisha zamani. Lilikuwa tangazo la tambi.

Alinigusa bega tu. Afadhali angenigombeza.


Jumatatu, 1 Septemba

Nimelitafakari jambo hili siku tatu na leo nimeamka na jibu. Mtu wa biashara haulizi "nitafanyaje." Anauliza "nani anacho, na anataka nini."

Shuleni kwetu fedha haina kazi kati ya walimu. Kinachonunua kitu ni zamu ya uwanjani. Ukitaka kutoka mapema kwa daktari wa meno, unalipa kwa zamu. Ukitaka mtu akupambie ubao, zamu. Ni kuvaa kizibao cha rangi ya machungwa na kuzunguka uwanjani wakati wenzako wanakunywa chai, ukiwaambia watoto wasio na kofia wakakae kivulini. Hakuna anayeipenda. Na zamu mbaya kupita zote ni ile ya mwisho wa uwanja, kwenye mkalitusi mkubwa, kwa sababu ya Jemadari.

Jemadari ni yule ndege wetu mweusi na mweupe. Miezi kumi ya mwaka ni jirani mwema, anaimba vizuri kuliko kwaya ya kanisa. Majira ya machipuko yakifika, kama sasa, akawa na makinda, anakushukia kutoka nyuma kama jiwe. Mwaka jana alimtoa Glenys damu sikioni.

Kwa hiyo Glenys anacho Kiindonesia, na mimi ninalo sikio la kujitolea badala ya lake. Nikamfuata kwenye mashine ya fotokopi.

Vyumba vyetu vinatenganishwa na ukuta wa kukunja, wa zamani, unaokunjwa kama kinanda cha mkono. Nikamwambia Alhamisi tuufungue. Yeye afundishe madarasa yote mawili kwa mpigo, mimi niwachukue wale wanne kwenye banda la mipira tufanye hesabu. Kwa Philippa tutaita ufundishaji wa pamoja. Wakubwa hawawezi kulikataa neno "pamoja."

Glenys akataka zamu tatu kwa kila somo. Nikajifanya naondoka. Akaniita.

"Haya basi, mbili. Lakini za kule mwisho."

"Kule kwenye mti?"

"Kule kwenye mti, mpenzi. Kwani wewe unaogopa kuku?"

Nikakubali haraka kabla hajabadili mawazo. Kutoka tatu hadi mbili! Hiyo ni theluthi nzima imeanguka kwa kugeuza mgongo tu. Karibu nimwonee huruma.

Philippa alipoambiwa juu ya ufundishaji wa pamoja alifumba macho kwa furaha.


Alhamisi, 4 Septemba

Ushindi! Ukuta ulifunguka kwa kelele za kufufua wafu, Glenys akasimama katikati na vikaragosi vya Bu Ratih, mimi na wanne wangu tukatoka kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Banda la mipira linanuka raba na soksi, lakini akili inafanya kazi. Imogen Stutz, nahodha wangu, msichana wa maneno machache na miwani mikubwa, alimaliza karatasi ya asilimia kabla sijamaliza kuigawa. Mwaka huu Kurnbrook watakiona!

Mchana nikalipa zamu ya kwanza.

Jemadari hana adabu. Alinipiga kisogoni mara ya kwanza nikiwa nafunga kamba ya kiatu cha mtoto wa chekechea. Mara ya pili nilikuwa nakimbia. Watoto wakanionea huruma, wakaniletea ndoo ya aiskrimu tupu niivae kichwani, wameichora macho mawili makubwa kwa nyuma. Eti ndege hashambulii anayemtazama. Nikaivaa. Mtu wa vitendo hajali sura.

Tatizo jipya. Glenys amewafundisha madarasa yote mawili kumwamkia mwalimu wa kiume "Pak." Sasa kila mtoto anayepita chini ya mti ananiambia "Selamat siang, Pak Clive." Nawajibu, "Nawe pia." Wanacheka. Sijui kinachochekesha.


Jumatatu, 8 Septemba

Sikupata utulivu wa chai leo, maana chai yenyewe sikuipata. Kikao cha ghafla mapumzikoni.

Alhamisi anakuja Bi. Merrilyn Oakes wa ofisi ya elimu ya kanda. Anataka kuona jinsi walimu wa kawaida wanavyofundisha lugha. Philippa amemsifia sana darasa la nne. Na kwa sababu Bi. Oakes anataka kumwona kila mwalimu peke yake, ukuta utafungwa.



Nikamfuata Glenys. Alikuwa ananisubiri, nadhani, kwa sababu alikuwa amekaa pembeni na kikombe mikononi, anatabasamu. Nikamweleza mpango wa tatu. Ukuta utafungwa, naam, lakini si lazima ufungwe mpaka mwisho. Tuache upenyo wa kiganja kimoja. Yeye afundishe darasa lake somo lilelile, saa ileile, kwa sauti ya kuita ng'ombe. Watoto wangu wamsikie na kumjibu. Mimi nisimame mbele, nielekeze kidole kwenye picha na kuchezesha midomo.

Glenys alimaliza chai yake kwanza. Kisha akasema hilo ni jambo la kijinga kuliko yote aliyopata kuyasikia katika miaka ishirini ya kufundisha, na bei yake ni zamu zake zote mpaka muhula uishe.

Nikapiga hesabu. Zake zote, pamoja na zangu, pamoja na zile mbili mbili. Jibu ni kila mapumziko. Lakini muhula umebaki wiki hii na ijayo tu! Amenipa punguzo bila kujua.


Jumatano, 10 Septemba

Mazoezi ya ukuta. Yamefaulu, kwa jumla.

Sauti ya Glenys inapenya kama redio ya jirani. Watoto wanaitikia vizuri. Midomo yangu inachelewa kidogo, lakini Bi. Oakes atakuwa nyuma ya chumba. Kasoro ni moja. Kila Glenys anaposema kitu, watoto wote ishirini na wanne wanageuka kuutazama ukuta. Nikawaambia watazame mbele, kwa mwalimu. Mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa kama mwalimu ni mimi au ni ukuta.

Nimekula mkate wangu uliopakwa vejimaiti nyeusi ya chumvi nikiwa nimesimama chini ya mkalitusi, ndoo kichwani. Jemadari kagundua kwamba yale macho hayapepesi. Anakuja kutoka mbele sasa.


Alhamisi, 11 Septemba

Niandike upesi kabla hasira haijapoa.

Bi. Oakes alikuja, mama mpole, kadi shingoni, daftari dogo. Akakaa nyuma. Ukuta umefungwa, upenyo wa kiganja upo. Nikasimama mbele na picha ya matunda. Nikakohoa mara moja. Ndiyo ishara.

Kimya.

Nikakohoa tena. Kimya kama maji ya mtungi. Nikachungulia kwenye upenyo. Viti vitupu! Philippa, kwa wema wake, alikuwa amewapeleka Glenys na darasa la tatu maktaba ili mgeni apate utulivu. Angalau mtu angeniambia!

Watoto wakaniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu jana walikuwa wakinitazama mimi.

Nikatafuta msaada ukutani. Ukutani kulikuwa na bango langu la sehemu, nililolibandika mwaka juzi juu ya kitu cha Bu Ratih. Nikalibandua. Chini yake, nambari za Kiindonesia! Moja hadi mia, safi, zimepangwa.

Na lazima niseme ukweli: ni lugha iliyotungwa na mtu wa hesabu. Ishirini kwao ni mbili-kumi. Thelathini ni tatu-kumi. Hakuna ujanja, hakuna visingizio. Ukijua kumi za kwanza umeshafika tisini na tisa. Mbona hakuna aliyeniambia!

Nikaanza kuwauliza jedwali la kuzidisha. Nikisoma vibaya wananisahihisha, wote kwa pamoja, kwa furaha kubwa kupita kiasi. Tiga kali empat (tatu mara nne)? Dua belas! Tujuh kali delapan (saba mara nane)? Lima puluh enam! Nikasahau mgeni. Nikasahau Kurnbrook. Mikono ilikuwa juu chumba kizima, watoto wamesimama juu ya viti, mimi nimefika mara tisa na jasho linanitoka. Bi. Oakes alikuwa anaandika na kutabasamu. Philippa mlangoni kafumba macho tena.

Chumba kizima, isipokuwa meza moja. Wanne wangu. Wamekaa kama mawe.

Bi. Oakes akainama kwa Imogen, akamuuliza taratibu kwa nini hajibu, hesabu ni ngumu?

"Hapana," akasema Imogen. "Hesabu tunazijua. Kiindonesia ndicho hatujui. Alhamisi sisi tunakuwa kwenye banda la mipira na Bwana Trembath. Anayewafundisha wengine ni Bi. Pascoe. Bwana Trembath anamlipa kwa ndege."

Mtoto huyu hasemi uongo. Ndiyo kasoro yake pekee.

Ofisini Philippa hakupandisha sauti. Alisema ameona leo mwalimu mzuri wa Kiindonesia na angependa kumwona kila Alhamisi, ukuta ukiwa umefungwa mpaka mwisho, wale wanne wakiwemo. Kuhusu timu, watafanya mazoezi na Glenys wakati wa mapumziko ya mchana mpaka mashindano. Nikamwambia Glenys hajui kugawanya hata keki. Akasema basi atajifunza pamoja na watoto.

Nikamfuata Glenys kudai zamu zangu zirudi, maana ukuta haukutoa sauti. Akasema alikuwa tayari, koo kaliandaa, na maktaba hakujipeleka. Mapatano ni mapatano. Tena sasa mchana ana timu ya kufundisha, hata angetaka hawezi kushika zamu.

Timu yangu. Watoto wanne, miezi sita ya kazi. Naandika hivi, halafu naacha.


Jumanne, 16 Septemba

Napita dirisha la maktaba mchana, ndani ya kizibao, ndoo kichwani. Mle ndani Glenys na wanne wangu wanakula keki za chokoleti na nazi. Hakuna karatasi za mazoezi. Hakuna saa ya kupimia. Imogen yuko ubaoni, Glenys kakaa kwenye kiti kidogo cha mtoto, kashika kichwa, anauliza. Imogen anafuta, anaanza upya, anachora keki, anaikata. Glenys anatikisa kichwa. Imogen anafuta tena.

Mwalimu anafundishwa na mtoto wa darasa la nne! Aibu iliyoje. Nimesimama pale mpaka Jemadari alipoondoka na kifungo changu cha kola.

Tumekwisha. Kurnbrook watafunga kumi bila.


Ijumaa, 19 Septemba

Siku ya mwisho ya muhula. Mashindano yalikuwa kwetu, ukumbini. Basi la Kurnbrook likafika, kombe limepakatwa mbele kama mtoto mchanga. Safari hii limefutwa vumbi. Dharau!

Mimi sikuingia. Nilikuwa na zamu.

Nikasimama chini ya mkalitusi nikisikiliza. Makofi. Kimya. Makofi, ya kwao. Kimya kirefu. Nilijua ni maswali ya asilimia kwa sababu nilisikia viti vikilia. Imogen hujisogeza akifikiri. Nikajikuta nimeshika uzio kwa mikono miwili. Nadhani Jemadari alinipiga mara mbili. Sikugeuka.

Kisha ukumbi ukalipuka.

Mlango ukafunguka, Imogen akaja mbio uwanja mzima, miwani imepinda, kombe kifuani. Akafika chini ya mti bila kuogopa ndege, akanikabidhi. Zito kuliko nilivyodhani. Nikamuuliza swali la mwisho lilikuwaje.

Akasema lilikuwa lilelile la kugawanya mabaki, ambalo kwenye banda la mipira walikuwa wanalipata bila kujua kwa nini. "Lakini Bi. Pascoe alikuwa haelewi kabisa. Ikabidi tumweleze mara nyingi sana, kila mara kwa njia nyingine. Mwisho na sisi tukaelewa."

Nikampa pole. Mtoto mdogo kubebeshwa mzigo kama huo! Akanitazama muda kidogo, akasema, "Terima kasih, Pak Clive," akalichukua kombe, akarudi ukumbini. Huyu sasa naye ameanza kushukuru kwa Kiindonesia, baada ya somo moja tu la jana. Nikamjibu "sama-sama," yaani karibu, kabla sijajizuia. Sijui nimelitoa wapi.

Ni wazi kilichotokea. Msingi niliujenga mimi kwenye banda la mipira. Glenys akaja kuezeka bati na kupigwa picha. Na picha imepigwa kweli, ya gazeti la wilaya, nje ya ukumbi: wanne wangu, kombe, Glenys katikati kaweka mkono kiunoni. Nyuma yao, mbali, ukikaza macho, kuna mtu wa kizibao cha machungwa mwenye ndoo kichwani. Mpiga picha ameuliza kama ni sanamu ya kutishia ndege.

Saa tisa, soseji kwenye mkate, kila mtu na sahani yake ya kuchangia. Philippa akasimama juu ya benchi. Alishukuru. Kisha akatangaza kwamba mwalimu wa muziki anastaafu, na kwa kuwa kujifunza pamoja na watoto kumeleta kombe, muhula ujao kila mwalimu atalifundisha darasa lake mwenyewe nyimbo za Krismasi. Kwa sauti mbili!

Mimi niimbe! Kwenye mazishi ya baba yangu niliombwa nifungue mdomo tu, bila kutoa sauti.

Lakini safari hii sikupoteza muda. Glenys anaimba kanisani. Nilikuwa kwenye meza ya mchuzi wa nyanya karibu yake kabla Philippa hajashuka benchini. Nikamweleza mpango, ukuta na yote.

Akataka zamu nne kwa kila somo. Nikageuza mgongo. Akaniita. Tukamaliza kwa tatu.

Mara ya kwanza alianzia tatu nikamshusha moja. Leo kaanzia nne, nimemshusha moja vilevile. Nikimgeuzia mgongo, anashuka. Hajawahi kushinda hata mara moja, na bado anatabasamu. Maskini Glenys! Mtu asiyejua hesabu hata haoni anavyopoteza.